Abiria na Watu wa Njiani

Filamu ya vichekesho ya Road Trip, iliyoongozwa na Todd Phillips mwaka 2000, ni miongoni mwa zile ambazo vijana wengi wa Nairobi tulizipata kwa DVD za bei nafuu za River Road, na ambazo tukizitazama leo hutuchekesha mahali pachache kuliko zamani. Wanafunzi wanne wa chuo wanasafiri kwa gari kutoka Ithaca, New York, hadi Austin, Texas, ili kuiwahi kanda ya video iliyotumwa kwa posta kimakosa. Wote wanne ni wazungu. Hilo peke yake halinikeri, kwani hakuna sheria inayomlazimu mtunzi kugawa viti vya gari kama tunavyogawa vyeo serikalini. Kinachonikera ni kazi wanayopewa watu wanaokutwa njiani.

Tazama usiku ule wanapodanganya ili wapate malazi katika nyumba ya chama cha wanafunzi, kisha wakagundua kwamba wenyeji wao wote ni weusi. Mzaha mzima unategemea woga wa wageni, na wenyeji hatuambiwi wanasoma nini wala wanataka nini maishani. Rhonda, aliyeigizwa na Mia Amber Davis, anacheza dansi na Kyle, kijana mwembamba na mwenye haya, kisha analala naye, huku sisi tukitarajiwa kuucheka unene wake kando ya wembamba wa kijana. Davis anaigiza kwa furaha na kujiamini hivi kwamba Rhonda anakaribia kuwa mtu kamili, lakini safari inaendelea bila yeye. Shule ya vipofu nayo ipo ili basi lake lichukuliwe kwa hila.

Mwaka 2004 Danny Leiner aliongoza Harold & Kumar Go to White Castle, safari nyingine ya kipuuzi, ila walioketi garini ni John Cho, mzaliwa wa Seoul, na Kal Penn, ambaye wazazi wake ni Wagujarati wa India. Mzaha ni mchafu vilevile, na wanawake wanaendelea kupitwa njiani. Hata hivyo, Harold, anayeigizwa na Cho, anapotiwa seli, anamkuta mwanamume mweusi aliyekamatwa kwa sababu ya rangi yake, akisoma kitabu kwa utulivu, na anayechekwa hapo ni polisi.

Je, hapa kwetu Penn angepewa nafasi gani? Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44, lakini katika vichekesho vyetu Mhindi bado hajatoka nyuma ya kaunta: ana lafudhi, ni bahili, anamgombeza mfanyakazi, basi. Ningependa filamu ya vijana wanaoteremka Mombasa, gari likiwaharibikia Mtito Andei, ambamo dereva ni kijana wa Kihindi wa mtaa wa Parklands mwenye madeni na mapenzi yasiyojibiwa, na asiulizwe hata mara moja bei ya kitu chochote.