Mwanagenzi wa Miaka 41 na Kodi ya Miezi Sita

Mwaka jana niliacha kazi ya uhasibu katika ofisi moja ya uwakala wa forodha, kazi niliyoifanya kwa miaka 11, nikaanza uanagenzi wa kukereza vyuma, yaani kuvichonga kwenye mashine inayovizungusha, katika karakana moja ya Chang'ombe, Dar es Salaam, nikiwa na umri wa miaka 41. Waliopata habari hizo waligawanyika: wapo walionipa pole wakidhani nimepunguzwa kazini, na wapo walioniuliza ni lini nitaanza kuitwa injinia. Jibu la swali hilo ni fupi. Mhandisi husoma shahada kwanza, kisha hupitia miaka mitatu ya mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Chini yake yupo fundi sanifu, na chini ya fundi sanifu yupo fundi mchundo, yaani fundi wa kazi za mikono, ambaye ndiye mimi ninayejifunza kuwa.

Mwaka mzima wa kusimama mbele ya mashine umenifikisha kwenye msimamo mmoja. Mtu mzima anayehamia ufundi haangushwi na ugumu wa kazi, kwa kuwa kazi hufundishika. Huangushwa na jinsi mafunzo yalivyopangwa kwa kumdhania kila mwanagenzi kuwa kijana anayekula na kulala kwa wazazi wake.

Sisemi kwamba kazi ni nyepesi. Katika mwezi wa nne wa uanagenzi nilipewa shafti, yaani mhimili unaozunguka, ya pampu ya maji, iliyolika mahali inapokaa beringi, ile pete ya chuma inayoushika mhimili ukizunguka. Ilikuwa imekwisha kuchomelewa ili kuongezewa unene, na kazi yangu ilikuwa kuikereza hadi ifikie kipimo. Tundu la beringi lilikuwa milimita 30, na shafti ilitakiwa kuzidi hapo kwa milimita 0.01 ili beringi iingie kwa kubana na isizunguke peke yake juu ya chuma. Nilikereza kwa uangalifu, nikapima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, nikapata 30.01, nikajipongeza kimoyomoyo na kwenda kunywa chai. Shafti ilipopoa, beringi iliingia kwa kusukumwa na kidole. Nilikuwa nimeipima ikiwa bado ya moto: chuma cha unene huo, kikizidi joto la kawaida kwa nyuzi 40, hutanuka kwa takribani milimita 0.015, na kikipoa huzirudisha zote. Katika vitabu vya hesabu kosa langu lilikuwa likirekebishwa kwa ingizo moja la mstari mmoja. Hapa ilibidi shafti irudishwe kwa mchomeleaji, na mteja, ambaye nyumba zake tatu zilikuwa hazina maji, akaambiwa asubiri hadi kesho yake.

Aliyenieleza kosa hilo ni fundi wangu, kijana wa miaka 26 aliyejifunzia kazi katika mtaa wa Gerezani tangu akiwa mdogo, bila darasa, na baadaye akapata cheti kupitia utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kila asubuhi huniamkia, "Shikamoo, mzee," nami humwitikia marahaba. Ikifika saa tatu huwa ananiambia mbele ya wenzangu kwamba nimeshika tupa kama mwiko wa ugali. Wiki za mwanzo jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Baadaye niligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiteseka zaidi yangu, kwa sababu amelelewa kutomkaripia mkubwa, na wakati mwingine aliniacha niendelee na kosa ili tu asinivunjie heshima. Nikamwomba, tukiwa wawili, kwamba ndani ya karakana mimi ni mwanafunzi wake na shikamoo ibaki getini. Alikubali sehemu ya pili kwa shida, na hadi leo hunisalimu humo ndani kwa sauti ya chini.

Hayo yote yalikuwa na suluhisho. Fedha ndizo zisizo na suluhisho la maongezi. Posho yangu ni shilingi 8,000 kwa siku, sawa na shilingi 208,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Ninapanga vyumba viwili Tabata kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wengi wa jiji hili, kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 900,000 mkononi kwa siku moja. Kabla ya daladala, chakula na ada za watoto wawili, hesabu imekwisha kukataa. Tumeishi kwa akiba niliyoiweka miaka minne na kwa biashara ya vitenge ya mke wangu. Na ningekuwa sina hivyo viwili, ningerudi ofisini kabla ya mwezi wa tatu, na watu wangesema umri umenishinda.

Nilijaribu kutafuta nafasi za uanagenzi zinazofadhiliwa. Katika ofisi moja karani aliirudisha fomu yangu bila kufika ukurasa wa pili, kwa kuwa aliona mwaka wa kuzaliwa. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, na fursa zinazotolewa kwa jina la vijana hufuata kipimo hicho. Sipingi vijana kutangulizwa. Wao ni wengi na wana haki ya kuanza mahali. Ninachopinga ni kuichukulia namba iliyowekwa kwa ajili ya sera ya vijana kana kwamba ni kipimo cha uwezo wa mkono. Waajiri wanaofikia idadi iliyowekwa kisheria ya wafanyakazi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kwa kila mshahara wanaotoa, na kwa miaka 11 tozo hiyo ililipwa pia juu ya mshahara wangu. Siku nilipouhitaji huo ujuzi, nikaambiwa nimechelewa.

Pendekezo langu halihitaji chuo kipya. Sehemu ndogo ya tozo hiyo itengwe kwa ajili ya wanagenzi waliovuka miaka 35 na waliokwisha kufanya kazi rasmi, ilipwe kama nyongeza ya posho kwa miezi 12 ya mwanzo, ambayo ndiyo miezi ambayo mwanagenzi huharibu vyuma vingi kuliko anavyotengeneza na mwenye karakana hana sababu ya kumlipa zaidi. Vilevile masomo ya nadharia yawekwe jioni au Jumamosi, ili aliye kazini aanze kujifunza kabla ya kuacha mshahara. Mwenye karakana wetu, ambaye ni mbishi kwa kila jambo, hilo la pili alilikubali papo hapo. La kwanza alisema ataliamini akiona hela.

Kodi yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. Shafti zangu siku hizi hulala usiku mmoja mezani kabla sijazipima.