Chuo cha jamii kwanza, chuo kikuu baadaye: hesabu inapokubali na inapokataa

Katika familia za Watanzania, Wakenya na Wakongomani walioko Marekani, kijana akimaliza sekondari ushauri huwa uleule: aanze chuo cha jamii, asome miaka miwili kwa ada ndogo, kisha ahamie chuo kikuu amalizie miwili. Shahada ataipata kutoka chuo kikuu, sawa na aliyeanzia hapo. Ushauri huo una nguvu, ila mara nyingi hutolewa bila kutaja krediti (pointi zinazohesabiwa kwa kila kozi unayofaulu), na krediti ndizo zinazoamua kama miaka miwili itabaki miwili.

Tuchukue California, yenye vyuo vya jamii 116. Mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa krediti moja. Kuhamia University of California (UC), chuo kikuu cha umma chenye kampasi kadhaa, kunahitaji krediti 60 za mfumo wa semista, yaani dola 2,760 kwa safari nzima, wakati mwaka mmoja wa UC una ada ya zaidi ya dola 14,000. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, hutozwa zaidi, mamia ya dola kwa krediti, lakini bado anaokoa: UC humwongezea asiye mkazi zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Isitoshe, kampasi sita za UC (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) hutoa dhamana ya nafasi kwa mwanafunzi wa chuo cha jamii aliyetimiza masharti. Maombi ya dhamana hiyo hupokelewa Septemba 1 hadi 30, na unaruhusiwa kuchagua kampasi moja tu. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo.

Upande wa pili ni mzito. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanaohama vyuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Takwimu hiyo inachanganya uhamaji wa kila aina; kutoka chuo cha umma kwenda chuo cha umma hasara ni ndogo kuliko hapo. Ila kuna hasara nyingine iliyojificha: krediti inapokelewa, lakini inaangukia fungu la kozi za hiari badala ya kozi za fani yako. Kwenye karatasi unazo 60. Kwenye fani huenda unazo 35, na kozi zilizobaki unazilipia kwa bei ya chuo kikuu.

Dawa yake ipo, na ni bure. Tovuti ya ASSIST, ya vyuo vya umma vya California, inaonyesha, kwa kila fani, kozi ya chuo kikuu upande wa kushoto na kozi inayolingana nayo ya chuo chako upande wa kulia. Palipoandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana, ujue utaisoma baada ya kuhama, au ukaisome chuo cha jamii cha jirani. Ukurasa huo usomwe kabla ya kujisajili muhula wa kwanza.

Fani za uhandisi ndizo zinazoumiza zaidi. Fizikia ya kwanza inadai kalkulasi, na kalkulasi yenyewe ina kozi tatu zinazofuatana. Anayeanza na hesabu za maandalizi hufika kalkulasi ya kwanza muhula wa pili, fizikia ya kwanza muhula wa tatu, fizikia ya tatu muhula wa tano. Miaka miwili imeshavunjika, hata kama hajafeli kitu. Kwa sosholojia, historia au sayansi ya siasa mnyororo huo haupo, na huko ningemshauri mtu bila kusita apitie chuo cha jamii.

Mwenye F-1 ana mtego wake. Viza inamtaka asome angalau krediti 12 kwa muhula, na wengi huishia hapo. Kumi na mbili mara mihula minne ni 48, si 60. Inabidi asome 15, au ajazie wakati wa kiangazi. Tena maombi ya UC hutumwa Oktoba na Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza, kwa hiyo aliyepanga miaka miwili anapimwa hasa kwa alama za mwaka wa kwanza. Alama ya D hapo haitoshi kwa kozi za lazima za kuhamia UC.

Mwenye F-1 akipata nafasi vyuo viwili, achague kwanza ndipo aombe rekodi yake ya uhamiaji ihamishwe. Tarehe ya kuiachia ikishapita, chuo cha zamani hakina tena mamlaka juu yake, na kubadili mawazo kunamlazimu ajadiliane na chuo kipya. Na kila silabasi aitunze, kurasa zote, tangu muhula wa kwanza: kozi ikikataliwa, rufaa hupelekwa idara ya fani husika, na swali la kwanza huko ni mlisoma nini, kwa kitabu kipi, kwa wiki ngapi.