Chura Aliyeacha Kiluwiluwi: Je, Njia ya Kurudi Majini Ipo?

Chura jike wa Kihansi, korongo lenye maporomoko ya maji nchini Tanzania, ana urefu usiozidi sentimita 3, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba akiwa na mimba mara nyingi watoto huonekana kwa nje. Hatagi mayai dimbwini. Watoto hukua ndani ya mirija ya mayai ya mama yao wakitegemea kiini cha yai, na wanapozaliwa tayari wana miguu minne, ingawa urefu wao ni takriban milimita 5 tu. Ile hatua ambayo wanafunzi huchora katika madaftari yao ya sayansi, yaani kiluwiluwi mwenye mkia anayeogelea majini, kwake hupita gizani, tumboni mwa mzazi.

Jamaa zake, wanaoitwa Nectophrynoides, wanaishi katika milima ya Tanzania tu, na wataalamu wamewafahamu tangu mwaka 1905, pale Mjerumani Gustav Tornier alipoeleza habari za chura anayezaa kutoka nchi hiyo hiyo. Swali wanaloliibua ni la mageuko yenyewe: mnyama akishaacha hatua nzima ya maisha yake, je, amejikomboa, au ameingia njia isiyo na kurudi?

Wanaouona kuwa ni ukombozi wana hoja nzito. Dimbwi ni mahali pa hatari, kwani lina samaki na mabuu wa kereng'ende wanaokula viluwiluwi, na jua likizidi hukauka kabla miguu haijaota. Milimani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu penye mteremko mkali maji hayatuami, hupita kwa kasi na kuzoa kila kilichotagwa. Utafiti uliolinganisha chura wa Afrika wa familia kubwa anamotoka chura wa Kihansi umeonyesha kwamba uzazi wa nje ya maji unaendana na miinuko mikali kuliko unavyoendana na msitu peke yake. Tena, wasiopitia kiluwiluwi si wachache duniani. Katika Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi kuna ukoo mmoja wenye spishi zaidi ya 1,000 ambao karibu wote hutaga nchi kavu na kuangua chura wadogo waliokamilika. Ukoo wa namna hiyo hauwezi kuitwa ulioshindwa.

Upande wa pili unaanzia kwa Louis Dollo, mtaalamu wa visukuku aliyefanya kazi Ubelgiji, ambaye mwaka 1893 alisema kwamba kiumbe hakirudi kamwe katika hali ile ile waliyokuwa nayo wahenga wake. Elimu ya jeni iliipa kauli hiyo sababu: jeni isiyotumika hailindwi na uteuzi asilia, hivyo makosa hujilimbikiza ndani yake hadi isifae tena. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1994 ilikadiria kwamba jeni iliyonyamaza inaweza kufufuka ndani ya miaka milioni chache, lakini ikipita miaka milioni 10 matumaini hayapo. Kuna pia gharama ya uzazi wenyewe. Chura mkubwa wa madimbwini, yule anayekoroma usiku wa mvua katika miji mingi ya Afrika Mashariki, hutaga maelfu ya mayai kwa mara moja, na alipopelekwa Mauritius alienea kisiwani. Chura wa Kihansi huzaa watoto wachache, na makazi yake ya asili, yaani eneo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, yalikuwa takriban hekta 2.

Hata hivyo, kauli ya Dollo imepata wapinzani. Mwaka 2004 watafiti waliochora nasaba ya salamanda wa Marekani, wanyama wenye mkia walio jamaa wa chura, walidai kwamba kundi moja lilitokana na wahenga wasio na hatua ya majini, kisha likaipata upya. Dai kama hilo limetolewa kuhusu chura wa Amerika ya Kusini wanaobeba mayai katika mfuko wa mgongoni, ambao baadhi huangua viluwiluwi na wengine chura kamili. Wakosoaji wanajibu kwamba huenda hatua hiyo haikurudi, bali ilipotea mara nyingi katika matawi tofauti, na kwamba mchoro wa nasaba hutegemea dhana za aliyeuchora. Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito, kwa maana nasaba peke yake haiwezi kumaliza ubishi huu.

Kwa maoni yangu, pa kutazama ni ndani ya yai. Mwaka 1912 mtafiti Friedrich Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya thairoidi, ile iliyoko shingoni, nao wakageuka chura kabla ya wakati wao. Tangu hapo tumejua kwamba homoni ya tezi hiyo ndiyo inayoamrisha mkia unywee na miguu iote. Sasa mtazame coquí, chura mdogo wa kisiwa cha Puerto Rico, ambaye hukamilika ndani ya yai kwa takriban wiki 3 bila kugusa dimbwi: naye anaihitaji homoni hiyo hiyo, naye huota mkia, mpana na mwembamba, wenye mishipa tele ya damu, anaoutumia kupumulia. Amri ya kugeuka umbo bado inatolewa, ila mahali inapotolewa pamehama. Lakini mdomo wa kiluwiluwi wenye vijino vya kukwangulia chakula hautokei tena, wala tezi ya kunatia ya wachanga wa majini. Kwa hiyo kuuliza kama kiluwiluwi amepotea au hakupotea ni kukosea swali, kwa kuwa kila kiungo kina jibu lake, na mlango uliofungwa kwa mdomo unaweza kuwa wazi kwa mkia.

Ndiyo maana nakubaliana na wanaosema kurudi kunawezekana, bila kukubali kwamba uwezekano huo unamfaa chura aliye hai leo. Ulipojengwa mradi wa umeme wa Kihansi, sehemu kubwa sana ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua ghafla. Chura wa kawaida angeweza kutafuta dimbwi jingine. Huyu hakuwa na yai la kuachia majini wala kiluwiluwi wa kuchukuliwa na mkondo, na ugonjwa wa kuvu nao ukamfikia. Mwaka 2000 chura 499 walipelekwa Marekani kufugwa, mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kuwa imetoweka porini, na mwaka 2010 baadhi walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walipoachiwa korongoni mwaka 2012, manyunyu waliyoyakuta huko yalikuwa yakitoka kwenye mabomba.