Haibridi Inakula Kidogo Kweli, Lakini Raha ya Kuendesha Iko Wapi?

Toyota ilipoiingiza Aqua, gari dogo la haibridi, yaani linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, sokoni Japani mwishoni mwa 2011, ilitangaza kwamba lita moja ya petroli inalipeleka gari hilo kilomita 35.4. Mwaka uliofuata gari lilelile likaanza kuuzwa Marekani kwa jina la Prius c. EPA, taasisi ya serikali ya huko inayosimamia mazingira, ikalipatia wastani wa maili 50 kwa galoni, yaani kilomita 21 na kidogo kwa lita. Injini ileile ya lita 1.5, mfumo uleule wa umeme, ila kilomita 14 hazionekani.

Madalali wetu wa magari wanaijua namba ya kwanza tu. Ndiyo maana ukikaa na watu wawili wenye Aqua hapa Dar es Salaam, mmoja atakwambia amepigwa na mwingine ataapa kwamba IST, Toyota ndogo ya petroli tupu, harudii tena. Halafu yupo wa tatu ambaye mafuta hayamsumbui: yeye anasema haibridi ni gari la kumpelekea mama mkwe dawa, halina ladha ya kuendesha. Kwa kawaida malumbano hayo hufanywa kama mambo mawili tofauti, la mafuta na la raha. Naona ni jambo moja, kwa sababu yote mawili yanaamuliwa na mguu wa kulia, na sehemu kubwa ya kinachoipa haibridi ubahili wake ndicho hichohicho kinachowaudhi wapenda kuendesha.

Tuanze na namba. Ile 35.4 ilipatikana kwa kipimo cha Japani kiitwacho JC08. Gari linawekwa juu ya magurudumu ya maabara, kiyoyozi kimezimwa, wastani wa mwendo ni kama kilomita 24 kwa saa, na halifiki hata 85. Hayo ndiyo mazingira ambayo haibridi inayapenda kupita kiasi. EPA, kuanzia magari ya mwaka 2008, iliongeza majaribio ya mwendo mkali, ya kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi na ya baridi, na namba zikashuka. Kwa hiyo ukitaka kukadiria Aqua itakula kiasi gani Dar, ambako hakuna anayezima kiyoyozi saa saba mchana, shika namba ya Marekani na uisahau ya Japani.

Si haki, hata hivyo, kusema haibridi ndiyo yenye uongo peke yake. Tume ya Ulaya ilitoa mwaka 2024 takwimu zilizokusanywa na vifaa vilivyomo ndani ya magari yaliyosajiliwa 2021: magari ya kawaida ya petroli na dizeli yalikula takriban asilimia 20 zaidi ya kilichoandikwa kwenye karatasi. Aibu kubwa ilikuwa kwa haibridi za kuchomeka kwenye soketi, zilizochafua hewa mara tatu na nusu ya kiwango cha karatasi, hasa kwa kuwa wenyewe hawakuzichaji wala kuziendesha kwa umeme kama ilivyodhaniwa. Haibridi hizo ni habari nyingine. Aqua, Prius ya kawaida, Axio na Harrier tunazoziona barabarani hazichomekwi popote. Zinajichaji zenyewe kwa injini na kwa breki. Lakini nazo zimewahi kuwaponza watengenezaji: mwaka 2013 Ford ililazimika kuishusha C-Max Hybrid kutoka maili 47 kwa galoni hadi 43 na kuwalipa wanunuzi dola 550 kila mmoja. Magari yalikuwa mazima. Kampuni ilikuwa imelivika gari hilo namba za ndugu yake, Fusion, kama kanuni zilivyoruhusu wakati huo.

Sasa barabara. Kwenye foleni ya Mwenge au Buguruni, haibridi haina mpinzani. Gari likisimama, injini inazimika. Likisogea hatua kumi, linasogea kwa mota. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo katika IST ingeishia kuwa joto kwenye diski. Hata kompresa ya kiyoyozi cha Aqua inaendeshwa kwa umeme, hivyo unapata ubaridi injini ikiwa imelala. Haidumu lakini. Betri yenyewe haifiki hata yuniti moja ya umeme, ile unayoinunua kwa LUKU, kwa hiyo katika foleni ndefu ya jua kali utasikia injini ikiamka kila baada ya dakika chache kuichaji. Bado ni nafuu kuliko injini inayonguruma saa nzima bila kwenda popote.

Kwenye barabara kuu mambo hubadilika. Ukienda mwendo mmoja bila kugusa breki, hakuna nguvu ya kurudisha, na upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 110 kwa saa, kani ya hewa inakaribia kuongezeka maradufu. Faida inayobaki hapo ni ya injini yenyewe, ambayo imetengenezwa kwa mzunguko wa Atkinson, ikatoa nguvu ndogo ili ichome mafuta kwa busara zaidi. Namba za EPA zinaonyesha hivyo: Prius c ilipata kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.6 barabara kuu. Magari ya kawaida huwa kinyume chake.

Hapa ndipo watu huhitimisha kwamba haibridi ni gari la mjini tu. Mimi sikubali moja kwa moja, kwa sababu barabara kuu ya Tanzania si ile ya Ujerumani. Toka Chalinze uelekee Segera: Msata, Mbwewe, Mkata, Kabuku, na katikati yake vijiji vingine, kila kimoja na kibao chake cha 50 na askari wa tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mwembe. Unatoka 90 unashuka 50, unapanda tena, unashuka tena. Kwa gari la kawaida, kila kibao ni mafuta yaliyomwagwa. Kwa haibridi, kila kibao ni chaji kidogo, mradi uanze kupunguza mapema kwa kuachia mafuta na kugusa breki taratibu, siyo kuikandamiza ukishaiona tochi. Anayeheshimu vibao atapata safarini namba zinazokaribiana na zake za mjini. Anayefidia muda wa vijijini kwa kukimbiza 130 porini atarudi akisema amepigwa, na namba zake zitakuwa za kweli.

Hesabu yenyewe nayo inapotosha kwa namna tunavyoizoea. Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka, na lita ni shilingi 3,000. Gari linalokwenda kilomita 11 kwa lita mjini litakunywa lita 1,364. Linalokwenda 19 litakunywa 789. Umeokoa lita 575, zaidi kidogo ya milioni 1.7. Ukizitembea kilomita hizohizo barabara kuu, ambako la kawaida linafika 15 na haibridi inabaki 19, utaokoa lita 211 tu, kama laki sita na thelathini. Iwapo haibridi ilikuzidi milioni tano wakati wa kununua, unahitaji takriban miaka mitatu ya foleni kuirudisha, au karibu minane ya safari. Kinachonishangaza ni wenye haibridi kutoleana macho kuhusu nani anapata 19 na nani 22. Tofauti hiyo kwa mwaka ni lita 107. Fedha nyingi zilishaokolewa walipotoka kwenye 11.

Na wengi hawajui wanapata ngapi, kwa sababu tunaweka mafuta ya elfu ishirini leo, ya elfu kumi kesho, kisha tunaangalia dashibodi. Dashibodi hupenda kumfurahisha mwenye gari. Jaza tangi mpaka pampu ikate, rudisha kihesabu sifuri, tembea wiki mbili tatu, jaza tena kwenye sheli ileile na pampu ileile, gawanya. Njia nyingine zote ni stori.

Tuje kwenye raha. Lalamiko la kwanza la wapenda magari ni sauti, na wana haki. Haibridi za Toyota hazina giaboksi ya kubadilisha gia. Injini na mota mbili zimeunganishwa na seti ya meno yanayozungukana, na kompyuta ndiyo inayoamua injini izunguke kiasi gani. Ukikanyaga mafuta hadi chini kupanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, nyuma ya lori, injini inaruka hadi mizunguko ya juu na kukaa hapohapo ikivuma kama mashine ya kusaga, huku gari likiongeza mwendo polepole. Masikio yanasikia haraka, mwili hausikii. Nguvu zote za Aqua, injini na mota pamoja, ni za farasi 100 hivi, na betri ikishaisha katikati ya mlima hata hizo hupungua. Kulipita lori pale kunataka nafasi ndefu na moyo mtulivu. Ukishuka kurudi Ruaha Mbuyuni kuna kasoro nyingine: betri inajaa baada ya kilomita chache, haipokei tena, na unabaki kutegemea breki pamoja na ile herufi B kwenye gia, inayotumia injini kukushika. Wapo wanaoishi na Aqua miaka bila kujua B ni ya nini.

Breki nazo zina tabia yake. Mguu wako unazungumza na kompyuta kwanza, nayo inagawa kazi kati ya mota na diski, na pale zinapopokezana, mwendo ukiwa mdogo, kuna mkwaruzo wa hisia ambao dereva mzoefu hauzoei upesi.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko watu wanavyoukubalia. Raha ya kuendesha inayozungumzwa kwenye video ni ya milima na kona, na wengi wetu hukutana na kona hizo mara mbili kwa mwaka, Desemba tukienda nyumbani. Siku nyingine zote ni taa za Morocco hapa Dar na mzunguko. Hapo mota ya Aqua inatoa nguvu yake yote ya mvuto, niutoni-mita 169, tangu gurudumu likiwa halijazunguka. Kutoka kwenye taa hadi 40 kwa saa linaweza kuyaacha baadhi ya magari yenye injini kubwa zaidi, bila kelele na bila kushtuka. Ukimya wenyewe katika foleni ya saa mbili ni raha, hata kama hakuna anayeusifia akiwa na wenzake.

Kampuni zimejaribu kuunganisha vyote viwili na matokeo yanafundisha. Honda ilitoa CR-Z mwaka 2010, gari la michezo la haibridi lenye gia sita za kubadili mwenyewe. Kwa kipimo cha EPA lenye gia hizo lilipata maili 34 kwa galoni, kilomita 14 na nusu kwa lita. Halikuwa na kasi ya kumridhisha mpenda kasi wala ubahili wa kumridhisha mwenye hesabu, na likaachwa bila mrithi. Honda hiyohiyo ikaiwekea Fit Hybrid ya 2013 giaboksi ya klachi mbili yenye gia saba, ambayo kwa kweli inakupa hisia ya gari linalobadilisha gia. Hadi Oktoba 2014 Fit mpya ilikuwa imeitwa irudi kiwandani mara tano, sehemu kubwa kwa matatizo ya mfumo huo wa haibridi, na wakubwa wa kampuni wakakatwa mishahara. Anayeisifia Vezel ya haibridi ya kizazi cha kwanza, nayo ya Honda, kwa utamu wa gia zake aijue historia hiyo, maana inatumia giaboksi ya ukoo huohuo.

Nissan ilipita njia nyingine mwaka 2016 na Note e-Power. Injini yake ya lita 1.2 haigusi magurudumu kabisa. Inazalisha umeme tu, na mota yenye niutoni-mita 254 inavuta gari. Ukiachia mafuta gari linajishika lenyewe, karibu huhitaji breki. Wajapani waliipenda mno. Kwa mjini ni tamu kuliko Aqua, nasema hivyo bila kusita. Kwenye mwendo mrefu inapoteza, kwani petroli inageuzwa umeme kisha umeme unageuzwa mwendo, na kila mgeuzo una makato yake.

Aliyevunja uzio ni Prius ya kizazi cha tano, iliyozinduliwa Novemba 2022. Akio Toyoda, aliyekuwa mkuu wa Toyota wakati huo, alikuwa amependekeza Prius igeuzwe teksi, gari la kazi tu. Wahandisi na wachoraji wakakataa, wakatengeneza gari la kutamaniwa. Ile ya lita 2.0 ina nguvu za farasi 196 badala ya 122 za mtangulizi, na bado EPA ilimpa mwanafamilia wake mbahili kuliko wote maili 57 kwa galoni, zaidi ya kilomita 24 kwa lita. Kwa hiyo ubishi wa mafuta dhidi ya raha, kwa gari jipya, umekaribia kwisha.

Kwa tunachokinunua sisi haujaisha. Tunanunua haibridi za zamani, za kizazi ambacho ubahili ulinunuliwa kwa uchovu wa injini, na tunazinunua zikiwa na miaka. Mwenye kilomita nyingi za mjini, dereva wa teksi ya mtandaoni kwa mfano, achukue Aqua na avumilie kelele za mlimani. Anayekwenda kazini kilomita nne na kurudi asijisumbue: injini inatumia sehemu kubwa ya safari fupi kama hiyo kujipasha moto, na akiba haitamrudishia kitu. Na anayependa kushika usukani kwa ajili ya usukani wenyewe, anunue gari la gia na aache kulalamika kuhusu haibridi ya mwenzake.

Kabla ya kulipa, lakini, tupia macho betri iliyo chini ya kiti cha nyuma. Ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20, yaani vipande vya betri, zilizopangwa mstari mmoja, na inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, pembeni ya kiti. Tundu hilo likizibwa na vumbi, nywele au begi la shule, betri inapikwa. Fundi akikwambia moduli moja mbovu ilibadilishwa, uliza zile 19 zina umri gani, kwa maana mpya moja kati ya wazee haikai sawa muda mrefu. Omba betri isomwe kwa mashine mbele yako, gari likiwa limetoka kupanda kilima na kiyoyozi kimewashwa, uone volti za kila kundi la moduli. Betri iliyochoka haikuachi barabarani siku ya kwanza. Inaanza kwa kuamsha injini kila mara kwenye foleni, na zile kilomita 19 zinarudi polepole kuwa 13 huku muuzaji akiwa ameshabadilisha namba ya simu.