Kuiachia AI noti zako: wapi sawa, wapi hapana

Tangu FL Studio 21.1, programu ya kutengenezea biti, itoke mwaka 2023 piano roli yake (ubao wa kupangia noti) inakubali skripti (maagizo mafupi ya kompyuta) za lugha ya Python, na wenye REAPER, programu nyingine ya muziki, walikuwa na mambo hayo miaka mingi nyuma kwa lugha ya Lua. Mwanzoni ilikuwa habari ya wachache wanaojua kuprogramu, ila sa hivi unafungua chatboti yoyote unaiambia kwa Kiswahili chako, nishushie velositi (nguvu ya pigo) ya kila haihati (visahani vya dramu) ya pili afu zichelewe kidogo, inakuandikia skripti, unabandika, unabonyeza, noti mia nne zimekaa. Ndo ugomvi ulipoanzia, kuna wanaosema huyo si prodyuza tena na kuna wanaosema anayeburuza noti moja moja kwa mausi hadi saa tisa usiku anajitesa bure.

Hawa wa pili nawaelewa. Sehemu kubwa ya kuhariri noti ni kibarua tu: kufuta noti zilizolaliana, kukata mikia ya bezi isiingie kwenye noti inayofuata, kushusha biti nzima toni mbili kwa sababu msanii kaja na mafua. Hakuna msikilizaji atakayeuliza hiyo alifanya nani. Na mteja wa mtaani analipa kwa biti, halipi kwa saa.

Ila hata kwenye kibarua lazima uwe macho, maana AI inachanganya programu na programu. Kwenye MIDI ya kawaida, ile lugha programu za muziki zinapeana noti, velositi inaanzia 0 hadi 127, lakini kwenye skripti za FL inaanzia 0 hadi 1, sasa AI iliyosoma mambo ya kila mahali inakuandikia 90 pale panapotakiwa 0.7. Mbaya zaidi ni tiki, vile vipande vidogo vya wakati. FL ukiiacha ilivyo inagawa pigo moja kwenye tiki 96, Logic, programu ya Apple, inagawa kwenye 960. Ukiomba haihati zichezecheze kama za mtu, AI inaweza kukupa "sogeza hadi tiki 10 huku na huku", ambayo kwenye Logic kwa BPM 100 (mapigo 100 kwa dakika) ni kama milisekunde 6, sikio linafurahi, ila ukiipeleka FL hivyohivyo ni milisekunde 62, na hapo noti moja ya 1/16 (robo ya pigo) nzima ina tiki 24 tu! Huo si mchezo wa mtu tena, huyo kalewa. Uzuri wa skripti lakini ni kwamba unaiona, namba iko hapo, unaibadilisha unarudia.

Kitu kingine kabisa ni zile tuli (zana) zinazoamua zenyewe noti ikae wapi. Watu wa Magenta, mradi wa Google wa AI na muziki, walitoa Magenta Studio mwaka 2019, ndani kuna plagini (kijiprogramu cha kuongezea) ya Groove inayochukua ngoma zilizonyooka inazipa mwendo wa mpiga dramu, na Logic mwaka 2024 ikaongeza mpiga bezi na mpiga kinanda wa AI. Zinafanya kazi vizuri, sikatai, kwa pop na fanki zinakupa kitu safi. Ila mwendo huo ni wa nani? AI imeujifunza kwa wapiga dramu wa huko ng'ambo na dramu seti zao. Chukua chakacha ya pwani, inaenda kwa 6/8, yaani kila pigo kubwa linagawanyika mara tatu. Kwa BPM 100 noti zinadondoka kwenye 0, 200 na 400 za milisekunde. Tuli ikidhani uko kwenye 4/4, pigo likigawanyika mara mbili au nne, ikavutia kila kitu kwenye gridi (mistari ya wakati) ya 1/16, ile ya 200 inarudi 150 na ile ya 400 inakimbilia 450. Tofauti ni milisekunde 50 tu kila upande lakini chakacha imekufa, hakuna kiuno kitakachozunguka hapo. Taarab nayo ina yake, maqam (skeli ya Kiarabu) ya Bayati ukiianzia Re, noti ya pili inakaa katikati ya Mi na Mi iliyoshushwa nusu toni, na piano roli ya kawaida haina mstari hapo, unaifikia kwa kupinda noti. Tuli ya kurekebisha skeli (mpangilio wa noti) inaiona hiyo kama kosa, inainyoosha, na wala haikuulizi.

Kwa upande mwingine tusiisingizie AI dhambi za wazee wake. Roger Linn, mtengeneza mashine za ngoma, aliweka kwantaizi (kuvuta noti zikae sawasawa kwenye gridi) kwenye mashine yake ya LM-1 mwaka 1980, gridi imetutawala toka enzi hizo na tukaizoea. Na wale wanaosema mdundo lazima utoke mkononi ndo una roho waende Mburahati, Dar, wakawasikilize vijana wa singeli, biti zao zinapita mapigo 200 kwa dakika, zimekatwa na kurudiwarudiwa kwenye kompyuta, na uwanja mzima unaruka. Pale mashine kuwa mashine ndo utamu wenyewe. Kwaiyo hoja ya roho mi siinunui jumlajumla, nauliza tu nani kachagua noti ikae pale, na je alikuwa anaijua ngoma.

Kinachonisumbua zaidi ni dogo wa studio. Kila studio ina dogo anayekuja kujifunza, na kazi aliyokuwa anapewa ni hiyohiyo ya kusafisha noti, inachosha kweli ila baada ya miezi sikio lake linaanza kujua kwa nini snea (ile ngoma kali ya dramu) iliyochelewa kidogo inavuta na iliyowahi inasukuma, hata kabla hajui kuieleza. Sasa skripti inamaliza kabla hajaweka chai mezani. Kuna mtu atasema ajifunze kwa kuandika hizo skripti, sawa, atajua tiki na velositi kwa namba, ila bosi wake ndo anayesikiliza na kusema hapana rudisha nyuma kidogo, na bosi hilo sikio alilipata kwenye mausi.