Mtaro wa mbele ya fremu ni wa nani?

Dada yangu ana fremu ya vitenge pale Moshi mjini, sio mbali na Soko la Kati. Masika ya mwaka juzi mtaro wa mbele uliziba, maji yakapanda mpaka barazani, wenye fremu wanne wakachanga buku tano tano wakampa kijana akazibua. Wengine wa mstari huohuo walisema "tutaleta kesho", mpaka leo hawajaleta, na maji yao yaliondoka vilevile. Masika iliyofuata hata wale wanne wakagoma kutoa na kwa kweli siwalaumu.

Mimi naona tatizo lote la katikati ya mji lipo hapohapo. Moshi tunasifiwa usafi na tunastahili, lakini shuka kutoka mnara wa saa kwenda sokoni saa mbili usiku uone, fremu zimefungwa, taa hapa ipo pale hakuna, wasichana wa dukani wanakimbilia daladala kwa uoga.

Kule Kanada wenye maduka wa Bloor West Village, mtaa wa Toronto, waliyaona hayahaya. Treni ya chini ya ardhi ilipofika kwao wateja wakawa wanawapita chini kwa chini, na wengine wanaenda moli, halafu michango ya hiari ikawa haitoshi maana kuna wanaotoa na wanaotegea. Wakaomba sheria, wakaipata, na 1970 eneo lao likaanzishwa rasmi: kila mwenye biashara ndani ya eneo analipa nyongeza, serikali ya mji inaikusanya pamoja na kodi halafu inawarudishia kamati yao wenyewe, wakaweka taa, mabenchi, miti, maua. Mfumo huo umeenea nchi nyingi, Cape Town katikati wanao tangu 2000, wana wafagiaji na walinzi wao mbali na wale wa manispaa.

Nautaka Moshi, ila tusiubebe mzimamzima. Kwetu tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme wa fremu ni mpangaji, eti akamdai mwenye nyumba, nani anathubutu? Tukipitisha mchango humo dada ndo atalipa, mtaa ukipendeza kodi ya fremu inapanda, anahama yeye. Na machinga je? Kamati ikiwa ya wenye majengo peke yao kazi ya kwanza itakuwa kuwafukuza, wakati yule mama wa ndizi na parachichi ndo anafanya mtu ashuke mjini jioni. Kwahiyo wapangaji na machinga wawe na viti vya kupiga kura, sio vya kualikwa kusikiliza, na manispaa isipunguze hata fagio moja kwa kisingizio kwamba sasa mnajihudumia.

Tuanze na mtaa mmoja tu, hata huo wa dada, mwaka mmoja, mtaro na taa basi, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi hata muuza kahawa azisome.