Ukungu wa Yquem

Kwa Kiswahili, ukungu ni ule unaofunika barabara alfajiri, na ukungu pia ni ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Huko Sauternes, kusini mwa Bordeaux nchini Ufaransa, zote mbili zinakutana shambani. Kijito cha Ciron, chenye maji baridi, kinaingia mto Garonne wenye maji ya uvuguvugu. Vuli ikifika, asubuhi hujaa ukungu wa kwanza, nao humwita wa pili: kuvu aitwaye Botrytis cinerea. Anatoboa ganda la zabibu, jua la mchana linafyonza maji, sukari inabaki. Punje hunywea, ikawa ya kahawia na manyoya ya kijivu juu. Ukiuziwa sokoni utagombana na mtu. Wafaransa wanauita uozo wa kiungwana.

Château d'Yquem, shamba la mizabibu la huko linalotengeneza mvinyo mtamu, inaishi kwa uozo huo. Sisi tumezoea kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza. Wao wanataka zote zioze, ila kila moja kwa wakati wake. Wachumaji hupita safu zilezile mara tano, sita, pengine zaidi, kwa wiki kadhaa, wakikata zilizofikia tu na kuziacha nyingine. Hesabu ya mwisho: mzabibu mmoja, glasi moja ya mvinyo. Glasi! Baada ya hapo ni mapipa ya mwaloni kwa miaka karibu miwili. Zamani ilizidi mitatu.

Wanaosimulia shamba hili hupenda kuanza na familia ya Sauvage mwaka 1593, wakamtaja Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliyeagiza chupa zake, kisha orodha ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux ya 1855 iliyoipa Yquem daraja la peke yake juu ya Sauternes nzima. Sawa. Mimi ningeanza na Françoise-Joséphine de Sauvage. Aliolewa na Louis-Amédée de Lur-Saluces mwaka 1785. Miaka mitatu baadaye ni mjane wa miaka 20. Mapinduzi yakaja, akatiwa jela, akatoka, akarudi kwenye mizabibu yake. Mwaka 1826 alijenga ghala la mvinyo hapohapo shambani. Ukoo wa Lur-Saluces uliendelea kulishika hadi ugomvi wa ndugu ulipoishia mikononi mwa LVMH, kampuni ya bidhaa za kifahari, mwaka 1999.

Bei yake hainihusu, sina ubavu nayo. Lakini wanaosema bei hiyo ni wizi, unalipia jina tu, huwa nawaambia watazame 2012. Mvua ilinyesha, zabibu zikaoza ule uozo wa kawaida usio na uungwana wowote. Walichuma, wakaonja, wakakataa. Haikutoka hata chupa moja ya mvinyo huo mtamu, kama ilivyokuwa 1964, 1972, 1974 na 1992. Mizabibu ilikuwa imepogolewa na kupaliliwa mwaka mzima kama kawaida, na kwenye rafu, baada ya 2011 inafuata 2013.